Niliambiwa Nilale Chini Ndipo Nijue Kucheza

Wanangu mliomo vikundini, ninyi wa Ukunda na ninyi wa Msambweni wenye ngoma nzuri na viatu vibaya, mmeniomba nieleze kazi yangu ilivyokuwa. Nimefundisha ngoma zetu za Kidigo kwenye mahoteli ya Diani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nilidhani nikifika umri huu nitakuwa nimeielewa kazi yenyewe, nikae barazani niwagawie elimu kama mtu anayegawa halua. Haikuwa hivyo. Nilipokuwa kijana wa miaka thelathini nilijua mambo mengi kuliko ninayoyajua leo. Siku hizi mtu akiniuliza kucheza ni nini, hukohoa kwanza, kisha humwuliza kama amekunywa chai.

Aliyenivuruga hivi ni binti mmoja wa Kikamba anayeitwa Mwende.

Tulikuwa na banda letu la mazoezi nyuma ya jiko la hoteli moja, paa la makuti, sakafu ya saruji. Asubuhi moja meneja akaniita, akaniambia kwamba tangu wiki ile tutalitumia banda kwa zamu, kwa sababu amepata mwalimu wa kufundisha wageni kitu kinachoitwa somatiki.

"Ni ngoma?" nikamwuliza.

"Sijui vizuri, Mwalimu Ndaro. Wanasema ina uhusiano na ngoma. Ndiyo maana nataka na wewe uwemo, umsaidie."

Nikaenda na filimbi yangu shingoni na fimbo yangu ya mkwaju mkononi, nikijua kwamba mtu akitaka msaada wa kufundisha watu kucheza, mimi ndimi. Nikamkuta binti mwembamba amevaa suruali pana, anafagia. Akaniamkia vizuri, shikamoo ya kuinama kidogo, kwa maana ingawa kwao ni watu wa bara, yeye amezaliwa Shimba Hills, kwenye mashamba waliyopewa wazazi wake, na adabu za pwani anazo. Alikuwa amecheza Nairobi, akacheza na ng'ambo, akaumia nyonga, akarudi nyumbani na elimu hii yake mpya.

Wageni wakaingia, sita au saba. Akatuambia tulale chali.

Nikalala. Nikangoja. Hakusema kitu.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu hakuna kitu kwanza, Mwalimu. Lala tu. Sikiliza kisigino chako cha kulia kinavyoiegemea sakafu."

Mimi nimesikiliza mengi maishani, nimesikiliza ngoma, adhana, mke wangu, lakini kisigino sijawahi kukisikiliza. Nikajitahidi. Akaja kwenye goti, akaja kwenye kiuno, sauti yake taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto, na alipofika kwenye mbavu sikuwepo tena. Nilikoroma. Nilipozinduka wageni wote walikuwa wameketi wananitazama kwa heshima kubwa, kana kwamba mimi ndiye niliyefaulu kuwashinda.

Mwende akaanza kumwuliza kila mtu ameona nini. Wageni wakasema maneno marefu. Ilipofika zamu yangu nilitaka kusema nimeona sakafu ni baridi. Lakini kulikuwa na jambo limenishangaza, nikalisema: bega langu la kushoto halikuwa limegusa chini. Hata nilipolisukuma, halikushuka.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Niliporudi nyumbani nikamlaumu mke wangu kwa sababu ya godoro. Siku tatu baadaye ndipo niliponing'iniza ngoma shingoni ili nipige, nikaliona lile bega linapanda lenyewe kuupokea ukanda, kama mtumishi anayemjua bwana wake. Lilikuwa limepanda hivyo kwa miaka yote, hata ngoma isipokuwepo.

Sasa ili mwelewe kwa nini jambo dogo kama hilo lilinikosesha raha, ni lazima niwaambie nilivyokuwa nikifundisha.

Nilifundisha kwa macho na fimbo. Kucheza ni kile anachokiona mtazamaji. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yangu ya kazi. Wachezaji kumi na wawili, mabega kumi na mawili ya kulia yapande pamoja. Likichelewa moja, fimbo inagusa. Tabasamu lianze mguu unapoingia uwanjani, lisiishe mpaka mguu unapotoka. Haya ninayo mengi na mengine yatawafaa, yachukueni: fagieni uwanja ninyi wenyewe kabla ya kucheza, msimwamini mtu, maana kizibo kimoja cha soda kitakumalizia mguu. Njuga zifungwe juu ya kitambaa, zisifungwe juu ya ngozi. Hando, ile sketi yetu ya asili ya mwanamke, lishonwe marinda ya kutosha, kwa sababu hando jepesi hucheza peke yake na kumwacha mwenyewe nyuma. Usile wali wa nazi saa mbili kabla. Na mpiga ngoma akiwa na hasira, mwacheni apumzike, mtaumia ninyi.

Hayo yote ni kweli hadi leo. Lakini yote ni ya nje, na la ndani moja nililowahi kuambiwa nililitupa.

Kuna mama mmoja aliyenifundisha kupiga, Bi Mejuma wa Msambweni, Mungu amrehemu. Yeye hakuwa mtu wa hoteli. Alikuwa fundi wa ngoma za pepo, zile za kayamba, anazopigiwa mgonjwa aliyewashinda matabibu. Nilimfuata nikiwa kijana kwa sababu nilitaka midundo yake niipeleke Diani. Nikaona jambo ambalo sikulipenda. Mgonjwa analetwa, anakalishwa mkekani, amefunikwa kaniki, na Bi Mejuma anapiga mdundo huu, anaacha, anapiga mwingine, anaacha, anamtazama mgonjwa kama mtu anayetafuta ufunguo katika fungu la funguo. Saa nzima hakuna kinachotokea. Halafu kidole cha mguu kinatikisika. Basi hapohapo anaushika mdundo ule hauachi, na kutoka kwenye kidole kile mgonjwa anainuka mzima mzima na kucheza.

"Umemfundisha lini hatua zile?" nikamwuliza siku moja.

"Mimi?" akacheka. "Mimi namwuliza tu. Akikataa nauliza vingine."

"Na watu wa kutazama je? Wanangoja saa nzima?"

"Wametumwa na nani waje kutazama?"

Nikaondoka nikiona mama yule ana midundo mizuri lakini hajui biashara.

Mwanafunzi wangu bora kuliko wote alikuwa Rukia, binti wa Kibuyuni. Mama yake alikuwa akilima mwani kule ufukweni, na yeye alikuja Diani kwa shangazi yake akiwa na miaka kumi na tisa. Hajui kuchoka. Nilimwekea kipande cha mwisho cha onyesho: anapanda mabegani mwa mwanamume, anazunguka mara moja hapo juu, anaruka, anatua kwa miguu miwili pamoja na ngoma. Wageni walikuwa wakiinuka vitini. Onyesho lilikuwa saa kumi alasiri kando ya bwawa la kuogelea, juu ya vigae. Nilijua vigae havisamehi. Kila mtu wa kazi hii anajua. Lakini hapo ndipo wageni walipokaa.

Siku moja, kabla ya kuingia uwanjani, akanijia ameshika kiuno.

"Mwalimu, leo mgongo unaniambia nisiruke."

Nilikuwa nafunga njuga za mtu mwingine. Sikuinua kichwa. Nikamwambia, "Mgongo hauna mdomo. Tabasamu."

Wanangu, nimeyarudia maneno yale mara nyingi kuliko nilivyorudia dua. Mgongo hauna mdomo.

Akaingia, akatabasamu, akapanda, akazunguka, akaruka. Alitua vizuri kabisa. Hakuanguka, na wageni walipiga makofi, na alikaa vilevile, amechuchumaa, ametabasamu, na mimi nikawa napuliza filimbi watoke, na wenzake wakatoka, na yeye bado amechuchumaa. Ndipo nilipoona machozi yanashuka juu ya lile tabasamu. Tulimbeba.

Hospitali walimtibu, wakamwambia ashukuru anatembea. Akarudi kwao Kibuyuni akiburuta mguu mmoja. Nilisema nitakwenda kumwona. Ikapita Idi, nikasema baada ya msimu wa wageni. Msimu ukapita. Mwaka ukawa miaka, na mimi nikawa naikwepa hata barabara ya Shimoni inayoelekea kwao. Kikundi nikaendelea nacho. Kile kipande cha kuruka nilikiondoa, watu wakiniuliza nasema kimepitwa na wakati.

Hivyo Mwende alipokuja na habari zake za kusikiliza kiuno, alikuwa anakanyaga kidonda asichokijua.

Nikawa naenda darasani kwake kila Jumanne, nikijiambia ni kwa sababu ya amri ya meneja. Siku moja mvua ilinyesha kubwa, wageni hawakuja, tukabaki wawili bandani na chupa ya chai. Nikamwuliza kile kilichokuwa kinanikera.

"Mwanangu, hiki kitu chako kilitoka wapi? Ngoma ina kwao. Hii ya kulala ni ya kabila gani?"

Akacheka sana, kisha akanisimulia. Akasema haina mwanzo mmoja. Zamani, zaidi ya miaka mia, huko mbali, kulikuwa na mwigizaji ambaye kila akisimama mbele ya watu kusoma mashairi sauti inapotea. Matabibu wakamwambia apumzike, akapumzika, akirudi jukwaani inapotea tena. Akasimama mbele ya vioo siku baada ya siku akijitazama, mpaka akaona kwamba kila anapotaka kusema anakivuta kichwa nyuma na kujikaba mwenyewe. Akaanza kujifunza kutokufanya vile. Kulikuwa na mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwanamke, aliyeumwa kifua. Akalitafuta pafu lililokuwa zima ndani yake, akajifundisha kulipumua hilo na kuliacha bovu lipone. Akaja mhandisi aliyeumia goti kwa michezo, akaogopa kisu cha daktari, akaanza kulisoma goti lake kama mashine, na kutazama watoto wachanga wanavyojifunza kujigeuza. Kila mmoja kivyake, nchi yake. Jina hili la somatiki, la kuwaunganisha, walipewa baadaye sana, limetolewa kwenye neno la Kiyunani la mwili. Mwili unavyojulikana na mwenyewe kutoka ndani, wala si ule unaoonwa na wengine.

"Na ngoma je?" nikauliza. "Inaingilia wapi?"

"Wachezaji ndio waliowakimbilia, Mwalimu. Kwa sababu wachezaji ndio wanaovunjika." Alisema hivi akijipapasa nyonga. "Wengine walikuja kupona tu warudi kwenye ngoma zao. Wengine walipopona hawakuweza tena kucheza vile vya zamani. Wakaanza ngoma nyingine, polepole, ngoma ambazo mtazamaji haoni kitu. Mpaka leo wanagombana kama ile ni ngoma au ni dawa."

"Kwa hiyo wote walioianza walikuwa wagonjwa."

"Karibu wote."

"Na hakuna aliyewafundisha?"

"Wanasema walijifundisha. Lakini wengi walichukua huko na huko. India, Uchina, Japani. Na wako wachezaji waliochukua kwenye ngoma za watu weusi. Siyo wote waliosema walikochukua."

Nikakumbuka mkeka wa Bi Mejuma na kidole cha mguu. Nikamsimulia. Yule binti akaacha chai yake ikapoa. Akaniuliza maswali mpaka nikachoka: Bi Mejuma aliangalia nini, alibadili mdundo baada ya muda gani, mgonjwa alikuwa amelala au ameketi. Sikuweza kujibu hata nusu. Nilikaa na mama yule misimu miwili nikamwibia midundo tu.

"Kwa hiyo ni kitu kimoja?" nikamwuliza Mwende. "Hiki chako na kile chake?"

"Mimi sijui," akasema. "Yeye alikuwa anaita pepo. Sisi tunaita mishipa ya fahamu. Sijui kama tunaita mtu mmoja majina mawili, au ni watu wawili."

Nilitaka aseme ndiyo au la. Mwalimu hasemi sijui! Nikarudi nyumbani nimevurugika kuliko nilivyokwenda.

Na haikuwa mimi peke yangu. Habari zilifika msikitini kwamba Mwalimu Ndaro analala chini na wazungu, wanaita mashetani. Maalimu wetu, mtu mpole, akanivuta pembeni baada ya Ijumaa. "Hamisi Ndaro, kuna maneno mnayoyasoma?" Nikamwambia hapana, tunasikiliza visigino. Akauliza, "Visigino vinasema nini?" Nikamwambia cha kulia hunena zaidi. Akasema Mungu atuongoze, akaenda zake. Wiki hiyohiyo Mwende akaniambia mchungaji wa kanisa la mama yake amekuja Shimba Hills na wazee wawili kumwuliza kama anaabudu miungu ya Kihindi. Tukacheka pamoja, Mwislamu na Mkristo, kila mmoja amesutwa na watu wake kwa kosa ambalo hata wenyewe hatukujua kama tumelifanya.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Rukia. Zilinitoka tu, baada ya kicheko. Nikamwambia mpaka yale maneno ya mgongo na mdomo. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Akauliza, "Kibuyuni ni mbali?"

Tulikwenda Jumamosi. Tulimkuta Rukia uani kwake, mama mzima sasa, ameketi kwenye kiti cha plastiki anapanga mwani kwenye kamba. Aliponiona hakuinuka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umepotea njia?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Ukunda. Yote yakakimbia. Nikasema, "Nimekuja kukuomba radhi. Mgongo ulisema, mimi ndiye niliyekuwa kiziwi."

Akaendelea kupanga mwani. Akaupanga mpaka kamba ikaisha. Kisha akamtazama Mwende. "Na huyu ni nani? Daktari?"

"Hapana, Dada," Mwende akasema. "Mimi pia niliumia nikicheza."

"Basi kaa."

Hakunijibu lile ombi langu. Alituletea chai na mihogo, akazungumza na Mwende kama mimi ni mgeni wa jirani. Nikasikia mambo niliyostahili kuyasikia miaka mingi nyuma: kwamba hawezi kuinama majini kufunga miche ya mwani, anawafungia wenzake kamba nchi kavu, kwamba anaswalia kwenye kiti. Hapo sauti yake ikabadilika. "Nimeshazoea mengine," akasema. "Lakini nataka kusujudu. Paji la uso wangu lifike chini. Hiyo tu."

Mwende hakumwahidi. Akamwomba alale mkekani kama anavyoweza, ubavu, magoti yamekunjwa, na khanga imekunjwa chini ya kichwa. Akamwambia asogeze goti la juu mbele kidogo sana, kiasi cha unene wa sarafu, na kulirudisha. Nilikaa kando nikiona aibu. Hivi ndivyo tulivyosafiri kuja kumfanyia mtu niliyemlemaza? Kusogeza goti unene wa sarafu?

Rukia akasogeza. Akarudisha. Mara ya nane au ya tisa akasema, "Subiri. Nilikuwa nashika pumzi."

"Tangu lini?" Mwende akauliza.

Rukia alifunika uso kwa mtandio. Sisi tukatoka nje ya ua tukamwacha.

Tukawa tunakwenda kila Jumamosi. Msinisikie nikiwaambia habari za miujiza. Kulikuwa na majuma aliyokuwa na hali mbaya kuliko mwanzo. Kulikuwa na Jumamosi alipotufukuza, akasema amechoka kuchezewa kama mtoto mchanga. Mwende akasema sawa, tukaondoka, na Jumamosi iliyofuata tukamkuta ametandika mkeka mwenyewe. Alianza kuamka kitandani bila kushika ukuta. Kisha mwezi wa Ramadhani, alasiri moja, akamtuma mtu anipigie simu aniambie maneno mawili: limefika chini. Nilikuwa sokoni Ukunda nimeshika nyanya. Nililia mbele ya muuzaji nyanya, akanipunguzia bei.

Si kila siku linafika. Hata leo, kuna siku linafika na kuna siku anarudi kwenye kiti, na hakuna ajuaye kwa nini, Mwende wala daktari. Mimi ndiye nisiyejua zaidi.

Lakini kilichonimaliza kabisa kilitokea baadaye. Ilikuwa mchana wa kuanua mwani, wanawake kama kumi wako uani kwa Rukia wanauweka kwenye magunia, na mimi nilikuwa nimekuja na ngoma ndogo ya kuwasalimia tu, niwapigie wakifanya kazi. Nikapiga mdundo wa sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, taratibu. Rukia akaacha gunia lake. Akasimama katikati ya uwanja.

Akasimama tu. Mikono chini, macho yamefumba nusu. Mimi nikangoja hatua ya kwanza nimfuate au nimwongoze, haikuja. Nikapunguza. Nikabadili mdundo. Hakuna. Nikabadili tena, jasho linanitoka, maana katika kazi yangu yote sijawahi kumpigia mtu aliyesimama. Nikakumbuka kuuliza kwa mdundo, kama Bi Mejuma. Nikapiga kishindo kimoja, nikaacha. Bega lake la kulia likashuka kidogo, kama kitu kilichowekwa chini baada ya safari. Nikapiga palepale. Likaja la kushoto. Uzito ukahama kwenda kwenye ule mguu mbovu, ukakaa, na mguu ukaupokea. Hiyo ndiyo ngoma nzima. Mabega, kiuno kikizunguka duara ndogo ambayo mtu wa mbali asingeiona, na mkono mmoja uliopanda mpaka usawa wa sikio ukasimama hapo kwa muda mrefu. Hakutabasamu. Sijui ilichukua dakika ngapi. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa ikisikiliza. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepotea.

Alipoacha, mama mmoja jirani aliyekuwa ameketi juu ya gunia akauliza kwa sauti, "Sasa hiyo ilikuwa ngoma, au mazoezi ya hospitali?"

Wote wakanigeukia mimi. Mimi ndimi mwalimu. Nimewahukumu wachezaji mamia, nimewaambia wewe ndiyo na wewe siyo. Kama mgeni wa hoteli angekuwepo, angeuliza onyesho linaanza lini. Kama Bi Mejuma angekuwepo, angesema tumetumwa na nani kutazama. Nikasema, "Mwulizeni mwenyewe."

Rukia akasema hata yeye hajui, akaomba maji.

Baadaye, wanawake walipoondoka na Mwende amekwenda kuosha vikombe, Rukia akaja akaketi karibu nami, chini, mkekani. Nikadhani sasa nitaambiwa. Nilikuwa nimengoja tangu ile Jumamosi ya kwanza.

"Mwalimu," akasema, "ile radhi uliyoniomba."

"Naam, mwanangu."

"Bado sijakupa. Nimejaribu. Nikikumbuka ulivyoinama kwenye zile njuga bila kunitazama, moyo unakataa." Akaukuna mguu wake. "Lakini leo ulipopiga, mgongo wangu ulikuitika kabla sijauruhusu. Ulikwenda wenyewe, kama unamjua mtu. Sasa sielewi. Yupi ndiye mimi, huyu aliyekataa au huyu aliyeitika?"

Wanangu, nikamwuliza kama anataka nipige tena. Akasema, "Piga. Lakini polepole, na usinitazame usoni."

Nikainamisha macho, nikapiga kimoja, nikaacha, nikangoja.